Holi si ya mashetani, na pudre si ya Wahindi

Kila mwaka matokeo ya Examen d'État yakitoka, mji wetu wa Kalemie unageuka mweupe. Finalisti aliyepata diploma anamwagiwa pudre kichwani, usoni, mpaka kwenye shati. Mama yake anapakwa, jirani anapakwa, hata mwenye pikipiki anayejipitia zake anapata fungu lake. Na kila mwaka nasikia maneno yale yale katika chumba cha walimu na kwa mapasta fulani: ati ile mambo ni Holi ya Wahindi, watoto wameitoa katika filamu, ni ibada ya sanamu, tuikataze.

Mimi nasema wenye kusema hivyo, Holi hawaijui, na pudre pia hawaijui.

Tuanze na Holi. Ni sikukuu ya Wahindu, baridi inapoisha kule India na miti inapotoa maua, siku za mwezi mpevu wa Phalguna, kati ya Februari na Machi. Usiku wa kwanza wanawasha moto mkubwa. Wanakumbuka habari ya Prahlada, mtoto aliyekataa kumwabudu baba yake mfalme. Mfalme akamtuma dada yake, Holika, ambaye alikuwa na kinga ya moto, akae motoni pamoja na mtoto. Shangazi akaungua, mtoto akatoka mzima. Ninyi mnaosoma Biblia, habari ya Shadraka, Meshaki na Abednego hamkuisoma? Mfalme anayetaka aabudiwe ndiye anayeshindwa. Hayo ndiyo mafundisho ya shetani?

Asubuhi yake ndipo rangi zinatoka. Unga wa rangi wanauita gulal, na watoto wanarusha maji ya rangi kwa bomba. Zamani rangi ilitoka katika maua ya mti wa palash na manjano ya jikoni. Leo mingi inatoka kiwandani, na ngozi za watu zinalijua hilo. Kisha watu wanaoga, wanavaa safi, wanatembeleana na vitu vitamu, na mwenye ugomvi na ndugu yake anamwendea. Wahindu wa Dar es Salaam, wa Nairobi na wa Kampala wanaifanya. Mtumishi anaweza kumpaka tajiri wake. Ni siku moja tu, kweli, kesho yake matabaka yanarudi fasi yake. Lakini mwenye kuwacheka Wahindi kwa hilo aangalie kwanza namna sisi tulivyokaa na Watwa mpaka vita ikatuchoma, 2016 na 2017.

Sasa pudre. Mwingereza Cameron alifika hapa kwetu, kwenye mlango wa Lukuga, mwaka 1874. Baadaye akapita nchi ya Waluba na kuandika alivyoona watu wakisalimiana: mdogo akikutana na mkubwa, anatoa udongo uliosagwa, anajipaka mikononi na kifuani. Udongo mweupe ndio pemba, ile ile ambayo mabibi zetu waliwapaka mama wa mapacha. Mwaka 1874 nani alikuwa na televizyo? Kwangu mimi, pudre ya dukani ni mjukuu wa pemba. Watoto hawakuiba kwa mtu.

Lakini tusome vizuri. Yule mtu wa zamani alikuwa anajipaka mwenyewe ili kumheshimu mwenzake. Hakumshika mtu.

Mwaka mmoja, msichana wa kalasi yangu ya sita alisikia jina lake kwenye redio, akatoka mbio barabarani kwa furaha. Vijana watatu, ambao hata wa shule yetu hawakuwa, wakamshika mikono. Pudre ikaisha, wakaleta unga wa muhogo, kisha mafuta machafu ya mashine. Blauzi ikapasuka. Alipolia wakamwambia: "Usikasirike, yaya, ni furaha tu." Siku mbili hakutoka nyumbani, yeye aliyesoma miaka sita kwa taa ya petroli.

Kule India pia kuna wanaume wanaomshika msichana kwa nguvu wakisema: usichukie, ni Holi. Wanawake wa kule wamelilalamikia sana neno hilo. Hapo ndipo tunapofanana nao, na hapo mapasta wetu hawakupaona! Wanaogopa rangi, mkono hawauoni.

Na wale vijana wanaotaka tuwe na Holi yetu ya kulipisha kwenye plaji, na muziki na bia, nawauliza: usiku wa moto mtauweka wapi? Na kumwendea mwenye ugomvi nanyi? Mnachukua paka unga.

Kamati ya wazazi itakutana kabla ya matokeo. Naiomba isikataze pudre. Ikataze mafuta, ikataze matope, ikataze kumshika mtu mikono. Anayetaka kupakwa atainamisha kichwa mwenyewe. Asiyetaka, mwacheni apite na diploma yake.