Makofi ya Mlimani



Likizo iliyopita binti yangu, mwanafunzi wa chuo kikuu, aliniomba tuupande Mlima Kenya. Habari zilipoenea mtaani, baadhi ya watu walinong'ona kuwa milima si mahali pa mwanamwali. Mimi nikaona atakwenda na babake, naye ni mahramu wake, tena kwa stara yake. Zuio liko wapi? Kumbe katika safari ile aliyehitaji kulindwa ni mimi.

Tulilala Met Station, mita 3,050 juu ya usawa wa bahari, sisi ambao siku mbili kabla tulikuwa Pwani. Alfajiri tukatia udhu kamili, tukavaa buti zinazofunika vifundo vya miguu, kwani msafiri ana ruhusa ya kupaka maji juu ya khofu kwa siku tatu na nyusiku zake. Anayeiona ruhusa hiyo ni jambo dogo, na avue buti katika baridi ile!

Tulipouacha msitu tukaingia nyika za juu. Huko mteremko mzima ni kinamasi. Nyasi ngumu zimeota kwa vishungi, na mguu ukikikosa kishungi huzama katika matope baridi hadi muundini. Mbele zaidi tukaikuta lobelia, ambayo majani yake hukusanya maji mfano wa bakuli, na usiku hujikunja kukifunika kichipukizi kisidhuriwe na barafu. Tukasimama tukamsabihi Aliyeifundisha kujisitiri.

Tangu saa nne kichwa kilikuwa kikinigonga, na tumbo limenichafuka. Nikanyamaza. Mtu mzima, tena sheikh, atalalamikaje mbele ya mwanawe?

Adhuhuri ilituingilia juu ya Bonde la Teleki, karibu na mita 4,000. Tukaelekea kaskazini, vilele vya Batian na Nelion vikiwa kuliani kwetu. Nikasalisha rakaa mbili za msafiri, binti yangu nyuma yangu. Baada ya rakaa ya pili, badala ya kukaa, nikainuka. Nikasikia nyuma yangu kiganja kikipigwa juu ya mgongo wa mkono. Nikazinduka, nikarudi kukaa, nikasujudu sijida ya kusahau, nikatoa salamu.

"Baba, kichwa chakuuma tangu lini?"

"Ni uchovu tu, mwanangu."

"Hujapata kupotewa na rakaa mbili, Baba. Na tangu kule kinamasini wapepesuka. Tafadhali, turudi chini."

Kambi ya Mackinder ilikuwa mbele yetu, si mbali. Moyo ulikataa. Nikamtazama kiongozi wetu, nikitaraji aniunge mkono. Akajibu kuwa asemayo binti ndiyo haki, na kwamba anayeumwa kichwa hivyo huku akipepesuka na kuchanganyikiwa, dawa yake ya kwanza ni kushuka papo hapo. Basi tukashuka, binti amenishika mkono kama nilivyomshika yeye alipojifunza kutembea. Ilipofika Magharibi kichwa kilikuwa chepesi. Alhamdulillahi.

Kosa lilikuwa langu. Wataalamu hushauri kuwa, ukipita mita 3,000, mahali pa kulala pasizidi pale pa jana kwa zaidi ya mita 500. Mimi, kwa kubana gharama za siku moja, nilipanga tupande zaidi ya mita 1,100. Kisha nikaongeza kosa la pili, la kuficha maradhi kwa kuchelea haya. Nafsi ni amana. Haihifadhiwi kwa kiburi.

Lakini lililonikaa moyoni ni yale makofi. Miaka mingi nimewafundisha wanafunzi kwamba imamu akisahau, mwanamume humzindua kwa kusabihi na mwanamke kwa kupiga kiganja. Ndani ya Swala yenyewe, ambamo maneno ya watu hayaruhusiwi, Sharia imempa mwanamke njia ya kumzindua anayemuongoza. Akina baba wenzangu, ikiwa imamu mihirabuni huzinduliwa na binti yake, vipi sisi majumbani twamwambia binti anyamaze anapoona twapotea, katika deni, katika ugonjwa, au katika posa tuliyoiridhia sisi na yeye hakuulizwa?

Kileleni hatukufika. Binti ameahidi kunirudisha, kwa sharti kwamba ratiba ataipanga yeye. Nimeridhia.

Wabillahi tawfiq.