Uvimbe wa Mbwa Usingojewe Upasuke

Katika vijiji vya Kisarawe na viunga vya Kibaha mbwa hafugwi kwa pambo. Usiku hulinda nyumba. Mchana huwafukuza ngedere na nguruwe-mwitu mashambani. Hata hivyo, mlinzi huyu akiota uvimbe ngozini hungojewa apone mwenyewe. Uvimbe ukipasuka na kutoa harufu, hufukuzwa au huuawa. Desturi hii yafaa kuachwa.

Kwanza ieleweke kwamba si kila uvimbe ni saratani. Upo uvimbe wa mafuta usioenea. Upo pia ule unaoambukizwa mbwa wanapopandana, ambapo seli hai za saratani zenyewe huhamia kwa mbwa mwingine. Huu kwa kawaida hutibiwa kwa sindano za vinkristini, dawa itokanayo na mmea wenye asili ya Madagaska, unaopandwa kama ua katika nyua nyingi za pwani. Kwa hiyo hatua ya kwanza si kisu. Ni kuvuta seli kwa sindano na kuzitazama kwa hadubini.

Kisu kikihitajika, sharti kikate kwa upana. Seli za saratani hupenya kupita ukingo unaoonekana kwa macho. Kwa uvimbe wa seli za masti, aghalabu daktari huondoa sentimeta 2 hadi 3 za nyama nzima kila upande, pamoja na tabaka moja chini yake. Hivyo uvimbe wenye kipenyo cha sentimeta 2 huacha jeraha la sentimeta 6 hadi 8. Mwanafunzi akikokotoa ataona kuwa eneo lake ni mara 9 hadi 16 ya uvimbe wenyewe.

Jeraha hilo lafunikwaje? Ngozi ya mbwa imelegea shingoni na ubavuni. Daktari huiachanisha na nyama, akaivuta na kuishona. Isipotosha, hukata ulimi wa ngozi ya jirani, akauacha umeshikana upande mmoja ili mishipa ya damu iendelee kuulisha, kisha akauzungusha hadi kwenye jeraha. Lakini sehemu ya chini ya mguu haina ngozi ya akiba. Kwa sababu hiyo kivimbe cha ukubwa wa punje ya hindi mguuni chahitaji haraka kuliko kikubwa zaidi ubavuni.

Wapo wasemao kwamba upasuaji wa mbwa ni anasa katika nchi ambayo wagonjwa hupanga foleni hospitalini. Hoja hiyo ina uzito, lakini gharama kubwa huletwa na kuchelewa: usipoziba ufa utajenga ukuta. Tena, elimu yenyewe ni moja. Miale ya jua inayoleta saratani katika tumbo jeupe la mbwa ndiyo inayowadhuru watu wenye ualbino, nao pia hutibiwa kwa kukata mapema na kuunga ngozi.

Kukata uvimbe nyumbani kwa wembe, bila nusukaputi, ni ukatili usioafikiana na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, na huacha mizizi ya ugonjwa. Barabara ipitayo Kibaha yaelekea Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kinachofundisha udaktari wa mifugo tangu kilipoanzishwa mwaka 1984. Utaalamu basi hauko ng'ambo. Walimu wa biolojia wawafundishe vijana kupapasa ngozi ya mbwa wao kila mwezi, kupima kila kivimbe kwa rula, kuandika tarehe, na kumwita afisa mifugo kingali kidogo.