Mama Anapoanza Kiesperanto na Mwanawe



Mwezi wa Agosti 2024 mkutano wa dunia wa wasemaji wa Kiesperanto ulifanyika Arusha, wa kwanza katika Afrika. Huenda kijana wako naye amesikia habari hizo, akaleta daftari nyumbani na kuomba mjifunze pamoja. Usimcheke. Lugha hii ilitungwa na daktari wa macho, Ludwik Zamenhof, aliyeitoa kitabuni mjini Warsaw mwaka 1887, ili watu wa mataifa mbalimbali waelewane bila mmoja kumlazimisha mwenzake lugha yake.

Kanuni zake kuu ni 16 tu. Mkazo huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu. Sisi wauguzi tulilipenda neno la hospitali: "malsanulejo". "San" ni afya, "mal" hugeuza maana kuwa kinyume, "ul" ni mtu, "ej" ni mahali. Yaani mahali pa watu wasio na afya!

Taabu huanzia ulimini. "Knabo", yaani mvulana, hututoka "kinabo". Herufi j husomwa kama y yetu, na c kama ts. Halafu ipo n ya mtendwa, ambayo mwanafunzi mpya huisahau kila mara. "La patrino amas la infanon" ni mama anampenda mtoto. Ukisema "la patrinon amas la infano", mtoto ndiye anayempenda mama, ingawa mpangilio wa maneno ni uleule. (Na hilo "patrino", mama, limetokana na "patro", baba. Kwetu mama ana neno lake mwenyewe, nasi twaona ndiyo haki.)

Lakini kigumu kuliko vyote ni upweke. Wengi wetu huku Dodoma tulianza na Kigogo au Kirangi, Kiswahili tukakipata shuleni na sokoni, kila mtu akitusahihisha. Kiesperanto hukisikii Soko la Majengo. Mtoto akiachwa peke yake atachoka upesi. Kaeni pamoja robo saa baada ya chakula cha jioni, mkiulizana na kujibizana, ila msile muda wa masomo ya darasani, hasa mwaka wa mtihani.

Biblia nzima ipo kwa Kiesperanto tangu 1926, na Agano la Kale alilitafsiri Zamenhof mwenyewe. Anzeni na kitabu cha Ruthu, sura 4 tu, Biblia ya Kiswahili ikiwa kando. Habari zake mnazijua tayari, hivyo maneno mapya hayatawatisha sana.