Uongo Uliochapishwa Kwenye Betri

Kwenye meza za bidhaa ndogondogo za umeme kandokando ya stendi ya Buzuruga, betri ya lithiamu ya namba 18650 inauzwa ikiwa imeandikwa miliampea-saa 9,900. Nimeona hata za 12,000. Huo ni uongo, tena usiohitaji maabara kuubaini. Namba ya betri hiyo ni kipimo chake: kipenyo milimita 18, urefu milimita 65. Katika umbo hilo, betri bora za viwanda vinavyoheshimika huishia karibu na miliampea-saa 3,500. Hakuna iliyowahi kukaribia 9,900.

Betri hizi zimo katika tochi za kuchaji, katika pawabenki, na sasa katika baadhi ya sigara za kielektroniki wanazovuta vijana wetu wa mjini. Sizitetei sigara hizo. Lakini ubaya wa nikotini hauhalalishi kumlipua mvutaji paja.

Na hatari ya sigara hizo inazidi ile ya tochi. Betri iliyojaa ina volti 4.2, ikiunganishwa na waya wa kupashia moto wenye ukinzani wa omu 0.2, waya huo hudai ampea 21. Betri nyingi zilizotengenezwa ili zidumu na chaji hazikuundwa kutoa hata nusu ya umeme huo kwa mfululizo. Hupata joto, na joto likivuka kiasi, betri hujichochea yenyewe kwa ndani na kuwaka ghafla. Kwa hiyo mvutaji anapaswa kuuliza kwanza ampea, si miliampea-saa. Amuulize nani, iwapo kilichoandikwa kwenye ganda hakiaminiki?

Wapo wasomi wenzangu wanaosema mnunuzi awe makini. Awe makini, naam: aikatae betri yenye ganda lililochanika au iliyovimba, asiiweke mfukoni pamoja na funguo wala sarafu zisije zikapiga shoti, asiiache kwenye chaji usiku kucha. Aipime pia, kwani betri halisi ya aina hii huwa na gramu 45 hadi 50, na nyingi za bandia ni nyepesi kupindukia. Haya nayasema kwa sababu watu wanahitaji kujilinda leo. Ila kumgeuza abiria wa daladala kuwa mkaguzi wa viwango ni kumtwika mzigo ambao sheria imeukabidhi kwa wengine.

Shirika la Viwango, TBS, linafanya kazi chini ya Sheria ya Viwango ya mwaka 2009, na ofisi yake ya Kanda ya Ziwa ipo hapahapa Mwanza. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza maelezo ya uongo juu ya bidhaa. Tuna vyombo, tuna sheria, na kielelezo kimechapishwa kwa tarakimu kubwa juu ya bidhaa yenyewe.

Sitaki kusikia kwamba mgambo wametumwa kumwaga meza za wamachinga. Mmachinga ananunua kwa katoni kutoka kwa mtu, na mtu huyo ana ghala, ana leseni, ana nyaraka za forodha. Waanzie kwake, wakiwa na mizani ya jikoni.