Mche wa Ua Wahitaji Mlinzi

Mvua za Machi zinapoanza, huku kwetu Makenke twaona watu wakipanda miche ya ua. Ifikapo Agosti, mahali pengi pamebaki vijiti vikavu, na lawama zote hutupiwa mbuzi. Kwa maoni yangu, apandaye ua asiulinde ndiye mwenye kosa la kwanza.

Yafaa tufahamu jinsi mche unavyokufa. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kwa njia ya gome la ndani. Mbuzi akilibambua gome kuzunguka shina lote, njia hiyo imekatika, na mizizi hufa njaa. Majani huweza kubaki mabichi kwa muda, hata mwenyewe akadhani mche umepona. Basi kinga ndiyo dawa.

Kinga hiyo si lazima iwe seng'enge, ambayo wengi hawawezi kuinunua. Tukate matawi ya miiba tuyazungushe kando ya miche. Tukoroge samadi mbichi ya ng'ombe kwa maji, tupake mashina. Mbuzi huchukia harufu yake. Mvua ikiiosha, tupake tena. Mstari wa nje tupande minyaa, kwa kuwa utomvu wake huunguza macho na wanyama wengi huuepuka. Wala tusikaze waya shinani, maana shina likinenepa litakabwa, lipate jeraha kama lile la meno.

Wako wasemao, "Mwenye mbuzi na amfunge." Ni kweli, na amfunge, hasa Juni mpaka Agosti, majani yanapokauka malishoni. Lakini kamba hukatika. Tutazame Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa mwaka 1958. Huko watu waliotoka Rwanda, Kongo, Burundi na Somalia wanakaa jirani kwa jirani. Mbuzi mmoja aweza kuwa ndiye karo ya mtoto. Ukimvunja mguu kwa ajili ya mche, umejipatia adui wa miaka mingi. Ua hupandwa ili majirani wasigombane. Ni aibu ukiwa ndio chanzo cha ugomvi.

Wanafunzi wenzangu, nanyi mliokwisha kumaliza masomo na kupata viwanja vyenu, mnapohesabu kazi ya kupanda hesabuni na kazi ya kulinda. Asiye na nafasi ya kulinda miche mia, na apande ishirini. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.