Nani kasema kompyuta hiyo imezeeka?

Ukipita kwenye maduka ya kompyuta za mitumba Kariakoo, au Luthuli Avenue jijini Nairobi, ni nadra kuikosa HP EliteBook 840 G3. Ni mashine ya mwaka 2016 hivi, imara, kibodi yake nzuri, na ukiiwekea RAM ya GB 8 na diski ya SSD inawaka upesi na kufanya kila kazi ya ofisi bila kulalamika. Lakini tangu Oktoba 14, 2025, Microsoft imeshaihesabu miongoni mwa wafu. Siku hiyo kampuni hiyo iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, na Windows 11 haiipokei mashine hii, kwa sababu inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Ya 840 G3 ni ya kizazi cha sita. Hakuna kilichoungua wala kuvunjika ndani yake. Nasema mwenye mashine kama hii asikimbilie kununua nyingine, wala asiendelee kukaa na Windows 10 isiyolindwa. Ahamie mfumo endeshi wa Linux, na asihamie kwa sababu ile inayotajwa kila siku, kwamba Linux ni bure.

Hoja ya bure haina nguvu huku kwetu, kwa kuwa Windows nayo, kwa desturi ya mtaani, ni ya bure. Fundi anakupigia Windows kwa ujira mdogo, na leseni haitajwi kabisa. Anayehubiri bei ya leseni anawahubiria watu ambao hawajawahi kuilipa. Gharama yenyewe imejificha mahali pengine. Programu ndogo inayotumika kuivunja leseni kwa kawaida hutaka kwanza kinga ya virusi izimwe, kisha ipewe mamlaka yote juu ya mashine, na imetoka kwenye tovuti ambayo hata fundi hajui ni ya nani. Kwenye mashine hiyo hiyo mwenye duka anafungua akaunti ya benki, mwalimu anahifadhi mitihani, na steshenari inaskani vitambulisho vya wateja siku nzima. Mtu ambaye hawezi kumwachia mgeni ufunguo wa nyumba anamwachia mgeni asiyeonekana haya yote, halafu anaambiwa ameokoa pesa.

Wapo watakaosema kwamba masasisho ni mbwembwe za wataalamu, mbona kompyuta inafanya kazi bila hayo. Wakumbuke Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilipofunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 150 na kudai fidia, hadi hospitali za umma za Uingereza zikaahirisha matibabu. Upenyo kilioutumia ulikuwa umeshazibwa na Microsoft mwezi Machi mwaka huo. Walioumia zaidi ni wale ambao mashine zao hazikuwa zimepokea kiraka hicho. Kwa Windows 10 hali ni mbaya zaidi, kwani huko mbele kiraka chenyewe hakitakuwapo. Kampuni ilitangaza mwaka mmoja wa nyongeza kwa watumiaji wa nyumbani, hadi Oktoba 2026, na namna ilivyougawa mwaka huo inafundisha. Wakazi wa eneo la kiuchumi la Ulaya walipewa bure baada ya vyama vyao vya walaji kupiga kelele. Sisi wengine tuliambiwa tulipe dola 30, au tukomboe pointi za zawadi za kampuni, au tuhifadhi mipangilio ya kompyuta zetu kwenye seva zake. Wenye sauti walisikilizwa. Sisi hatukuwa mezani.

Hapo ndipo Linux inapotofautiana na Windows kwa jambo la msingi. Kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, akiwa mwanafunzi Helsinki, na leseni yake inampa kila mtu haki ya kuutumia, kuubadili na kuusambaza msimbo bila kumpigia mtu magoti. Haki ya namna hiyo imeshatumika kwa Kiswahili: mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, na hawakusubiri mkubwa yeyote ng'ambo aone kama soko letu linalipa. Ni kweli pia kwamba matoleo ya Linux nayo hufikia mwisho; Linux Mint 22, kwa mfano, itapata masasisho hadi 2029. Ila toleo linalofuata hulinunui, na msambazaji mmoja akiitupa mashine yako, mwingine anaweza kuibeba. Ubuntu ilipoziacha kompyuta za biti 32, Debian iliendelea kuzihudumia kwa miaka kadhaa. Mpangaji anayeweza kuhama kesho hatishwi na mwenye nyumba kama yule asiye na pa kwenda.

Pingamizi zito ni la programu, na hili silipuuzi. Mhasibu anayetegemea Tally au QuickBooks ya kompyuta, mchoraji wa AutoCAD, mbunifu wa Photoshop, au mtu mwenye majedwali ya Excel yaliyojaa makro, asihame kesho asubuhi; atajuta, na atawaambia wenzake kumi kwamba Linux ni balaa. Lakini tuhesabu kazi zinazofanywa kwenye kompyuta nyingi za hapa kwetu. Steshenari au saiba huandika barua, huchapa, huskani, na hujaza maombi ya mikopo na ajira kwenye tovuti. Mwalimu anaandaa maswali na kupanga matokeo. Mwanafunzi anasoma PDF na kuandika ripoti yake. Kazi hizi zinamalizwa na kivinjari, programu ya ofisi ya LibreOffice na printa inayotambulika. Wala ugeni wa sura hautishi kama unavyosemwa, maana taifa zima lilijifunza kutumia Android bila semina, na Android yenyewe imejengwa juu ya kiini hicho hicho cha Linux.

Wapinzani huutaja mji wa Munich, na wana haki. Mji huo wa Ujerumani uliamua kuhamia Linux mwaka 2003, ukafikisha kompyuta karibu 15,000 kufikia 2013, kisha mwaka 2017 madiwani wakapiga kura ya kurudi Windows. Wengine wanalaumu siasa, wengine wanalaumu mpangilio mbovu wa idara za kompyuta za mji. Mimi naona vyote viwili vilikuwapo. Ila wanaoitaja Munich huwaruka polisi wa Gendarmerie wa Ufaransa, ambao kufikia 2024 walikuwa na kompyuta zaidi ya 100,000 kwenye Ubuntu. Siri yao ilikuwa mpangilio wa hatua. Mwaka 2005 walibadili programu ya ofisi tu, wakiwa bado kwenye Windows. Zikafuata kivinjari cha Firefox na Thunderbird ya barua pepe. Mfumo endeshi uliguswa mwisho, kuanzia 2008, wakati askari walikwisha kuzoea kila walichokiona kwenye kioo. Jimbo la Schleswig-Holstein la Ujerumani linafuata njia hiyo hiyo sasa: LibreOffice na barua pepe kwanza, Linux baadaye. Kwa hiyo ushauri kwa ofisi au shule ni rahisi na hauna hatari: weka LibreOffice juu ya Windows uliyonayo leo, ifanyie kazi miezi michache, na uandike kila kinachokwama.

Wengine watasema fundi anaweza kuyakwepa yale masharti ya TPM na prosesa na kuiweka Windows 11 kwenye mashine ya zamani. Anaweza. Microsoft yenyewe imeonya kwamba mashine ya namna hiyo haina haki ya kudai masasisho, basi mtu atakuwa amezunguka na kurudi pale pale. Pingamizi la kwamba mafundi wa Linux ni wachache lina ukweli zaidi, ingawa fundi hujifunza kile ambacho wateja wanakiulizia. Na kujaribu hakuhitaji fundi mahiri: iandike Linux Mint kwenye flashi ya GB 8 kwa programu maalumu ya kutengeneza flashi ya kuwashia, iwashe HP huku ukigonga F9, au Dell na Lenovo kwa F12, uchague flashi. Mfumo utafunguka wote bila kugusa diski. Jaribu Wi-Fi, sauti, na hasa printa, kwa sababu printa ndiyo inayowaumbua wengi. Ikigoma, chomoa flashi, zima, na Windows yako iko pale pale. Halmashauri inayojiandaa kutangaza zabuni ya kompyuta mpya kwa sababu za zamani "hazipokei Windows 11" inaweza kufanya jaribio hili kwenye mashine kumi kwa mchana mmoja, na matokeo yake yaambatanishwe kwenye zabuni kabla haijasainiwa.