Nyatiti isiachiwe baa na matanga, tuipe kiti kwenye kibanda cha chai

Msomaji wangu, hebu nikuulize. Mara ya mwisho ulipoona nyatiti ikipigwa mbele ya macho yako, si kwenye simu, ulikuwa wapi?

Kama wewe ni wa upande wetu huu wa Homa Bay na Migori, naweza kubahatisha. Ulikuwa matangani. Ama ulikuwa baa, usiku, na jamaa mmoja alikuwa amelewa anamwagia watu bia. Ama mwanasiasa fulani alikuwa amekuja kuomba kura, wakamtoa mzee na chombo chake apige dakika tano, halafu akaambiwa asante, sogea, mheshimiwa anataka kuongea.

Hizo ndizo jukwaa zetu tatu. Na mimi nasema hazitoshi.

Acha nikueleze kwa nini jambo hili linaniuma. Mjomba wangu, nera kama tunavyosema kwetu, ni mpiga nyatiti. Anaishi upande wa Awendo. Tangu nikiwa mtoto namjua kwa kitu kimoja: nyuzi nane, kigoda kifupi, njuga mguuni na ile pete ya chuma kwenye kidole cha mguu inayogonga mbao, ko, ko, ko. Mtu mmoja, bendi nzima. Ameipiga kwenye harusi, matanga na baa za kutoka Rongo hadi Isebania, na hiyo kazi ndiyo iliyosomesha binamu zangu wawili.

Halafu miaka mitatu iliyopita akaugua. Ini. Daktari hakuzunguka mbuyu, alimwambia achague pombe au maisha. Nera akachagua maisha. Sasa hapa ndipo utashangaa: alipoacha pombe, kazi nayo ikaisha. Mwenye baa mmoja aliyekuwa akimpa kila Ijumaa alizoea kumlipa nusu pesa, nusu chupa. Nera alipoomba yote iwe pesa, akaambiwa kuna vijana wenye kinanda wanaotoza nafuu. Sehemu nyingine walimwita, lakini ukikaa saa sita kwenye meza ambayo kila anayekutunza anakuletea chupa, utapona kweli?

Kwa hivyo nyatiti ikatundikwa ukutani. Mwaka jana alinipigia akaniuliza, "Okewa, wewe unajua hivi vitu vya mtandao. Hii kitu inaweza kuuzwa pesa ngapi?" Nilinyamaza hadi akadhani laini imekatika.

Mimi mwenyewe nilikuwa nimerudi nyumbani Homa Bay baada ya kuacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imenishinda. Nilikuwa nasota, naandika blogu, napiga picha za watu ziwani kwa finje. Sikuwa na ushauri wa kumpa mtu yeyote.

Sasa sikia kilichotokea Rongo.

Desemba tulikuwa tumemzika shangazi huku kwetu Homa Bay. Nera alikuja na nyatiti kwa sababu marehemu alikuwa dada yake, na dada huwezi kumzika kimya. Siku ya pili nikamsindikiza. Pale Rongo, barabara ya kutoka Homa Bay inapokutana na ile ya Kisii kwenda Migori, mvua ikatukuta. Si mvua ya mchezo. Tukakimbilia kibanda cha mama mmoja anayeuza chai karibu na steji: mabati, benchi tatu, jiko la makaa, sufuria kubwa ya chai ya tangawizi. Ndani tulikuwa kama watu ishirini. Makondakta, watu wa boda, wanafunzi wawili na sare zao, mama wa omena na ndoo yake, mchungaji mmoja na Biblia yake kwapani.

Mtu wa boda akaona chombo kimefungwa kwa leso. Akasema, "Mzee, hiyo si nyatiti? Tupigie basi, mvua haiishi leo."

Nera alinitazama. Nadhani alikuwa akitafuta chupa kwa macho, kwa mazoea tu. Hakukuwa na chupa. Mama chai akamwekea kikombe, akageuza ndoo ikawa kigoda.

Nimemsikia nera akipiga maisha yangu yote, lakini siku ile nilisikia maneno. Baa huwa husikii maneno. Kuna spika, kuna mpira kwenye televisheni, kuna mtu anagombana na bili. Nyatiti ni chombo cha mtu anayesimulia: anamtaja babu yako, anamcheka chifu, anauliza kwa nini barabara haijaisha. Pale kibandani hata mvua ilikuwa kama imepewa sehemu yake. Wale wanafunzi walikuwa wamekaa chini karibu na mguu wake, wanaangalia ile pete.

Halafu mama wa omena akainua mkono. Wimbo ukasimama.

Kama hujui pakruok, nitakueleza haraka. Ni desturi ya Waluo kwenye muziki: msikilizaji anakatiza wimbo, anatoa pesa, kisha anajisifu, au anamsifu rafiki, mume, shemeji, kijiji chake. Akimaliza, muziki unaendelea. Ukitaka kukatiza tena, toa tena. Baa, pakruok ni vita vya matajiri, elfu kwa elfu. Pale Rongo mama alitoa mbao. Shilingi ishirini! Akasema yeye ndiye anayelisha Rongo nzima na bado hana mimba ya deni. Watu wakacheka hadi chai ikamwagika. Mtu wa boda akatoa soo kumjibu. Mchungaji naye, usiulize, akatoa finje akamsifu mkewe.

Mvua ilichukua kama saa moja na nusu. Nilihesabu zile pesa nikiwa kwenye matatu: shilingi 870. Mama chai aliishiwa na mandazi, akakanda tena, yakaisha tena. Nera alikunywa vikombe vinne vya chai na hakuna aliyemwuliza kwa nini hanywi kitu cha maana.

Nikafika nyumbani nikampigia rafiki yangu tuliyesoma naye sekondari. Yeye yuko Chengdu, Uchina, kwa masomo. Nilipomsimulia akacheka: "Buda, huku hiyo ni biashara ya kila siku." Wikendi ile akanipeleka kwa video hadi nyumba ya chai. Nikaona viti vya mianzi, bakuli lenye kifuniko, na kijana mwenye birika lenye mdomo mrefu kama mkuki akimimina kutoka mbali bila kumwaga tone. Jukwaani kulikuwa na yule msanii wa opera ya Sichuan anayebadilisha sura. Anapitisha mkono usoni, sura nyekundu imekuwa ya kijani. Ukipepesa macho umepitwa. Na waliokaa pale? Nyanya, watoto, watu wamevua viatu. Mtu na bakuli moja la chai mchana kutwa na hafukuzwi. Mjini humo kuna nyumba ya chai inaitwa Heming, iko ndani ya bustani ya umma tangu 1923.

Sasa najua utasema, huyu ameona Wachina kwenye simu ameanza kuota. Subiri. Kilichonigusa si zile sura. Ni hadithi niliyoisoma baadaye, ya nyumba ya chai ya Lao She kule Beijing. Leo watalii na marais wanapelekwa pale kuona maigizo, ngoma na vichekesho vya watu wawili. Lakini ilianzaje? Mwaka 1979 jamaa mmoja, Yin Shengxi, aliwakusanya vijana wasio na kazi wakaanza kuuza chai kando ya barabara kwenye bakuli kubwa. Bei: fen mbili. Yuan moja ina fen mia moja, kwa hivyo piga hesabu mwenyewe. Kutoka kwenye bakuli hizo ndipo ilipofunguliwa nyumba ya chai mwaka 1988, ikapewa jina la mwandishi aliyeandika mchezo wa kuigiza kuhusu nyumba ya chai. Na kabla ya hapo nchi yao ilikuwa imepitia Mapinduzi ya Kitamaduni, miaka ambayo mambo ya jadi yalipigwa vita, nyumba za chai nazo zikafungwa. Waliirudisha desturi kwa kikombe cha bei ya chini, na walioirudisha walikuwa vijana wasio na kazi.

Vijana wasio na kazi, tunao. Chai je? Kenya ndiyo inayoongoza duniani kwa kuuza chai nyeusi nje. Milima ya Kisii inayoilima iko hapo tu juu ya Rongo. Hata neno lenyewe, chai, asili yake ni Uchina. Tunachouza ni majani. Ile starehe ya kukaa na kusikiliza hatujaijenga, kwa sababu tumekubali kwamba muziki wa moja kwa moja lazima ufuatane na bia.

Na hapa kuna jambo la sheria ambalo watu hawalifikirii. Tangu ile sheria ya vileo ya 2010, ile tunayoiita sheria ya Mututho, mtoto chini ya miaka 18 haruhusiwi baa. Sawa kabisa, naiunga mkono. Lakini ukiifungia nyatiti baa, basi umewafungia watoto nje ya nyatiti. Halafu tunalalamika eti kizazi hiki hakijui utamaduni. Kitaujulia wapi? Mjapani Eriko Mukoyama, yule tunayemwita Anyango, alitoka Japani hadi Siaya kujifunza nyatiti, chombo ambacho wanawake walikuwa hawapigi. Msichana wa Oyugis ataiona lini, kama si siku babu yake anapozikwa?

Wazee watanipinga, na wana haki. Nera mwenyewe alinipinga. Aliniambia zamani nyatiti na pombe vilikuwa ndugu: wazee wamezunguka mtungi, kila mmoja na mrija wake mrefu, oseke, na mpigaji pembeni. Ni kweli. Siwezi kukudanganya kwamba mababu walikuwa wakinywa chai ya tangawizi. Lakini mtungi ule ulikuwa nyumbani kwa mtu, na mwenye nyumba alikujua wewe na baba yako. Baa ya leo haikujui. Ukilewa ukaanguka, wanakutoa nje wakaendelea. Waliokuwa ndugu na nyatiti ni wale watu waliokaa pamoja, na leo watu hao ninawaona zaidi kwenye benchi la mama chai kuliko kwenye kaunta.

Kuna pingamizi lingine la hapa kwetu. Homa Bay ina Wasabato wengi, tangu wamishonari wao walipofika Gendia mwaka 1906, na wengi wao hawagusi majani ya chai. Hilo rahisi. Weka mchaichai, weka uji, weka soya. Sijawahi kuona mtu akikataa uji wa moto.

Pesa ndiyo swali gumu, na silikwepi. Mtu akikaa saa mbili na kikombe cha mbao, mama chai atakula nini, na mpigaji je? Uchina wengi wanatoza kiingilio. Sisi kiingilio kitatufukuzia watu, hasa wale wanafunzi wawili. Lakini sisi tuna pakruok. Hakuna mtu aliyelazimishwa kutoa kitu Rongo siku ile, na bado mzee alirudi na pesa ya matumizi. Ishushe pakruok kutoka elfu hadi mbao, hata yule wa boda anaweza kujisifu. Halafu nyatiti haihitaji spika. Jirani hatakuitia NEMA kwa kelele.

Na tusifikirie Waluo peke yao. Migori ni ya Wakuria pia, nao wana litungu yao, ndugu wa nyatiti, na nyuzi zake nane. Nani amewahi kuwakalisha wapigaji hawa wawili benchi moja, chai katikati, washindane? Mimi ningelipa. Na ningelipa zaidi ya mbao.

Sisemi kaunti zijenge jumba. Tafadhali, jumba lisijengwe. Litazinduliwa kwa utepe, litafungwa kwa kufuli, na ufunguo utakuwa na mtu aliye semina Naivasha. Ninachoomba kaunti zote mbili ni kidogo: mama chai akileta mpigaji mmoja Jumamosi jioni, askari wa kanjo asije kumwambia anahitaji leseni ya burudani kama klabu.

Mama wa Rongo amekubali. Nilirudi kumwona Januari. Alisema yeye hajui mambo ya utamaduni, anajua tu kwamba siku ile aliuza mandazi mara mbili. Jumamosi, saa kumi jioni, benchi ya ukutani iwe ya mpigaji. Nera alipoambiwa alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama ile chai itakuwa na maziwa.

Kulikuwa na tatizo moja tu. Uzi wa tatu ulikuwa umekatika, na alikuwa ameuacha hivyo kwa sababu hakuona haja. Siku hizi wapigaji hutumia nailoni, ile ile ya wavuvi, kwa hivyo nimeshuka ufuoni hapa Homa Bay asubuhi nikamnunulia. Muuzaji aliniuliza naenda kuvua nini. Imo mfukoni, na matatu ya Rongo imebakisha watu wawili ijae.